Utaratibu wa Ulaya Ulipofika Dengfeng

Viza yangu ilichelewa, na nilipofika chuoni Guangzhou mada zote nzuri za utafiti zilikuwa zimeshagawanywa. Wenzangu walikuwa wamechukua bandari, kodi, maji safi na masoko ya vijijini. Profesa wangu, mzee mpole aliyekunywa maji ya moto kutwa nzima hata katika joto la Julai, alipekua makaratasi yake, akanitazama kwa huruma, akasema imebaki moja: jinsi mpira wa miguu unavyoendeshwa Ulaya, kuanzia timu za taifa, timu za vijana, hadi timu za wanawake.

Nilimwambia sijui chochote kuhusu mpira.

"Vizuri sana," akasema. "Basi hutakuwa na upendeleo."

Mimi ni binti wa Dodoma. Nyumbani kwetu mpira ulikuwa kile kitu kilichomfanya baba agombane na redio. Sikuwahi kuangalia mechi mpaka mwisho, na shuleni kwenye michezo nilikuwa yule anayeshika masweta ya wenzake. Lakini ufadhili ulikuwa wa serikali, nauli imeshaliwa, na nyumbani walishafanya sherehe ya kuniaga. Nikakaa maktaba nikasoma mpira kama mtu anavyosoma anatomia, bila kumgusa mgonjwa.

Cha ajabu, niliupenda. Si mpira wenyewe, bali vikao vyake. Nilipenda kwamba kuna shirikisho moja la bara zima, na chini yake vyama vya nchi zaidi ya hamsini, na kwamba San Marino, nchi unayoweza kuimaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, ina kura moja sawasawa na Ujerumani. Nilipenda madaraja, kupanda na kushuka, mechi za kufuzu na mechi za mchujo. Nilipenda kwamba mtu mzima aliyevaa tai alikaa mahali akaamua yote hayo.

Kosa langu lilikuwa kulitaja jambo hili Xiaobei. Mtaa wake wa Dengfeng ndipo sisi Waafrika wa mjini humu tunapokwenda kutafuta unga wa ugali, kusuka nywele na kusikia habari, na habari pale hupanda cheo kila zikipita mlango mmoja. Jumatatu nilikuwa nasomea mpira wa Ulaya. Jumatano nilikuwa nimesomea mpira Ulaya. Ijumaa, muuza simu mmoja ambaye sikuwahi kumwona alinishika mkono barabarani, akaniuliza kwa sauti ya chini nani atashinda kesho.

Ndivyo Mwenyekiti alivyonipata. Alikuwa mfanyabiashara wa Kizanzibari, mtu wa makamo, kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi hata akishuka kwenye basi la Shiling alikokwenda kununua mikoba ya kike. Alikuwa mwenyekiti wa nini hasa, sikuwahi kujua. Alizaliwa na uenyekiti wake. Yeye ndiye aliyeandaa bonanza la mpira la Waswahili kila mwaka, na la mwaka uliotangulia lilivunjika wakati wa mapumziko, baada ya timu moja kugundulika ina mshambuliaji ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa "asante."

"Mwanangu," aliniambia baada ya kuniitikia shikamoo, "sie tatizo letu si mpira. Mpira tunaujua. Tatizo ni utaratibu. Wazungu wana utaratibu. Sasa utakuja kikaoni utueleze wao wanafanyaje, na sie tufanye vivyo hivyo."

Nilijisikia kama mtu aliyesomea udaktari wa samaki kwa miaka mingi, hatimaye akasikia kuna samaki anaumwa. Nikakubali palepale.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya adhuhuri kwenye mgahawa wa Mama Mkongo, ghorofa ya pili, juu ya duka la mawigi. Mama Mkongo alitoka Bukavu. Alikuwa mpana, mcheshi, na sombe yake, yaani kisamvu cha Kikongo, iliwafanya watu wa mataifa manne wasameheane. Alikaa kwenye kikao kama mjumbe wa Kongo na kama mwenye viti, na vyeo vyote viwili alivitumia. Kenya iliwakilishwa na mwanafunzi wa uhandisi, kijana mrefu kutoka Nairobi aliyeanza kila sentensi kwa neno "buda," yaani mzee, bila kujali anaongea na nani. Tanzania Bara haikuwa na mjumbe, kwa hiyo Mwenyekiti alimteua mtu pekee wa Bara aliyekuwepo zaidi yangu, mama mmoja wa Kariakoo aliyekuja kula samaki.

Huyu mama alikuwa akinunua vitambaa soko la Zhongda na kuvisafirisha Dar. Umri wake ulikuwa ule ambao watu wanakupisha kwenye foleni, lakini yeye hakungoja kupishwa. Aliendelea kutoa miiba na kusikiliza.

Mwenyekiti alifungua kwa dua, Mama Mkongo akaongeza sala yake ili Kongo isipitwe, kisha nikasimama. Nilianza na vyama vya nchi. Nikasema kila nchi ina chama chake, lakini Uingereza si nchi moja kimpira. England ina timu yake, Scotland yake, Wales yake, na Ireland ya Kaskazini yake.

Mwenyekiti aliweka kijiko chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Serikali moja?"

"Serikali kuu moja, ndiyo."

"Pasi moja ya kusafiria?"

"Moja."

"Na mpira mbalimbali?" Alisimama kabisa, macho yanang'aa. "Wallahi mimi nilikuwa naijua hii siku zote, nilikuwa sina ushahidi tu! Shirikisho la Afrika walitutia mlango wa mbele wakatutoa mlango wa nyuma. Basi hapa Guangzhou Zanzibar itacheza peke yake. Sie ni Wales."

"Kaa chini, Wales," akasema yule mama wa Kariakoo, bila kuinua macho kwenye samaki. "Msomi, hebu nieleze. Na wakienda Olimpiki?"

Nikasema kwenye Olimpiki wanaungana wanakuwa timu moja, na kwa wanawake, England au mwenzake mmoja huchaguliwa kufuzu kwa niaba ya wote.

"Ahaa. Kwa hiyo wakitaka medali wanatukumbuka."

Walibishana mpaka chai ikaletwa. Mwishoni Zanzibar ilikubaliwa kuwa Wales kwa sharti kwamba wachezaji wake waache kuazima golikipa wa Bara.

Nikaendelea na ligi ya mataifa, ile yenye madaraja, ambapo timu nzuri inacheza na nzuri mwenzake na dhaifu na dhaifu mwenzake, ili hata mdogo apate siku ya kushinda. Niliona hilo ni jambo la utu. Mkenya aliona fursa.

"Buda, hiyo ni poa sana," alimwambia Mwenyekiti. "Sasa tuweke Kenya daraja la kwanza. Nyinyi wengine muanzie la pili, mpande polepole."

"Daraja la kwanza mtacheza na nani?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana sisi ndio mabingwa."

Mama Mkongo alikuwa akikuna kidevu. Alitaka kujua kuhusu Kazakhstan, kwa sababu nilikuwa nimeitaja katika orodha ya nchi za Ulaya, na mumewe aliwahi kupita mpaka wa huko.

"Weye, Kazakhstan iko pale, iko inapakana na China!"

"Ni kweli, mama. Walikuwa wakicheza na Asia, wakaomba kuhamia Ulaya, wakakubaliwa."

"Waliomba tu?"

"Waliomba."

"Et voilà." Aligeukia jikoni. "Mupishi wangu ni Mucameroun, lakini amekula bugali yangu myaka mingi. Anacheza na Kongo. Naomba. Nimemaliza kuomba."

Hakuna aliyepinga, maana mpishi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Kisha yakaja ya vijana, na hapo ndipo niliposhuhudia elimu yangu ikichukuliwa mikononi mwangu kama mzigo kituo cha basi. Nilieleza kwamba Ulaya wana michuano ya chini ya miaka kumi na saba, kumi na tisa, na ishirini na moja. Nikasema, kwa ajili ya ukamilifu tu, kwamba ile ya ishirini na moja umri unahesabiwa pale mashindano ya kufuzu yanapoanza, kwa hiyo fainali ikifika unaweza kumkuta mchezaji wa miaka ishirini na tatu, na ni halali.

Mwenyekiti alisogeza kiti chake karibu nami.

"Mwanangu," akasema Mwenyekiti polepole, "kwani sie kufuzu kwetu kulianza lini?"

"Buda," akasema Mkenya, "tukisema kulianza tukiwa high school, nani atatubishia?"

Ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai, timu zote nne zilikuwa na vikosi vya vijana. Cha Zanzibar kilikuwa na muuza mikoba mwenye mvi kwenye ndevu na watoto watatu Pemba, mkubwa wao amemaliza skuli. Nilijaribu kusema kitu kuhusu roho ya sheria. Mwenyekiti aliniambia sheria haina roho, ina vifungu.

Nilikuwa nakusanya karatasi zangu mama wa Kariakoo aliponawa mikono, akaifuta, akauliza: "Na wanawake?"

"Wanawake wanao mfumo wao kamili," nikasema. "Michuano yao ya bara, ligi yao ya mataifa yenye madaraja, timu za wasichana wa chini ya kumi na saba na kumi na tisa. Kila chama kinapaswa..."

"Kila chama?"

"Siku hizi ndivyo inavyotarajiwa."

Alimgeukia Mwenyekiti. "Umesema tunafuata utaratibu wa Ulaya. Ya kuwa Wales umeitaka. Ya wazee kuwa vijana mmeitaka. Haya, timu ya wanawake iko wapi?"

Mwenyekiti alisema jambo hilo ni zuri na litaundiwa kamati.

"Kamati ndiyo mimi," akasema mama. "Na msomi huyu ni kapteni, maana anajua sheria."

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu kucheka.

Tulipata wachezaji kwa shida kidogo: Mama Mkongo, aliyesema hawezi kukimbia lakini anaweza kuziba, kwa hiyo akawa golikipa, wasichana wanne wa Tanzania na Kenya waliokuwa wakisomea udaktari na uuguzi, wazuri kwa kuwa angalau tukiumia tungetibiwa, mimi, na mama mwenyewe, aliyetangaza ni mshambuliaji kabla mtu hajamuuliza. Alicheza netiboli ya shule ya msingi. Mpira wa miguu alikatazwa na kaka zake, ambao, alisema, wote sasa wana magoti mabovu, Mungu si Athumani.

Tatizo lilikuwa mpinzani. Kwa nchi zote nne tulikuwa na wanawake wa kutosha timu moja tu. Nikasema labda tuache. Mama akasema, "Wewe si umesema nchi inaweza kuomba kuhamia bara jingine? Kesho twende Zhongda."

Soko la vitambaa la Zhongda ni mji ndani ya mji, ghorofa juu ya ghorofa za marobota, na pikipiki za umeme zinapita na marobota hayo kana kwamba wewe ndiye uliyezifuata barabarani. Duka alilonunua mama lilikuwa la bosi mwanamke ambaye sokoni wote walimwita laobanniang, yaani mwenye duka wa kike. Alikuwa mfupi, nywele amekata kama kijana, na kwa miaka yote waliyofanya biashara yeye na mama hawakuwahi kuelewana lugha. Walielewana kikokotoo. Mmoja anaandika namba, mwenzake anaifuta na kuandika yake, na katikati wanaguna.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilieleza kwa Kichina changu cha darasani kwamba Waafrika Mashariki wana bonanza, na tunakaribisha timu ya wanawake wa soko kama nchi mwanachama. Laobanniang alisikiliza, akawaita wasichana wa duka lake na la jirani, wakaongea kwa Kikantoni ambacho sikuambulia kitu, wakacheka sana. Kisha akachukua kikokotoo akaandika 11.

Mama alikitazama kama alivyoitazama bei kwa miaka yote. "Tai gui!" akasema. Ghali mno. Akafuta, akaandika 5.

Laobanniang aliguna, akaandika 9. Mama akafanya kama anaondoka. Alifika mpaka mlangoni, akaitwa, akarudi. Walikubaliana wachezaji saba kila upande, wakashikana mikono, na mama alipotoka alinong'ona kwamba tangu mwanzo alitaka saba.

Sikumwambia nilichokiona ukutani nyuma ya kaunta, picha ya wanawake wa soko wamevaa jezi, wamepiga magoti kwa mistari miwili, na kapteni wao ni laobanniang. Nilidhani ni ya siku ya michezo ya wafanyakazi. Nilijiambia hivyo kwenye metro njia nzima.

Uwanja ulikuwa juu ya paa la jengo la kuuzia fanicha, nyasi za plastiki na wavu pande zote ili mpira usimwangukie mtu barabarani. Ilikuwa Juni, msimu ule ambao hewa ya Guangzhou unaweza kuikamua. Mechi yetu ilipangwa kama ya utangulizi, kisha ingefuata ya Zanzibar na Bara, ambayo ndiyo watu waliijia. Lakini wanaume walikuwa wamesoma utaratibu zaidi yangu. Walitaka mechi ya nyumbani na ugenini, kama Ulaya, na uwanja ulikuwa mmoja.

"Nusu hii ndiyo nyumbani kwetu," nilimsikia Mwenyekiti akisema, "huku kwenye mashine ya maji."

"Kwa nini nyinyi mpate maji?" akauliza mmoja wa Bara.

"Kwa sababu sie ni kisiwa."

Tukawaacha hapo. Wanawake wa Zhongda walifika kwa pamoja, kabla ya saa iliyopangwa, jezi zao zimeshonwa kwa kitambaa chao wenyewe, rangi ya zambarau yenye mng'ao, namba mgongoni zimenyooka. Wakaanza kukimbia na kunyoosha misuli, wakipigiana pasi fupifupi bila kuangalia. Sisi tulikuwa na fulana nyeupe za rangi tofauti za weupe. Mama alivaa suruali ndefu, mtandio ameubana kwa pini, na raba mpya. Nilimhakikishia kwamba sheria za mpira wa dunia zinaruhusu mtandio.

"Sikuuliza," akasema.

Refa alikuwa yule Mkenya mhandisi, maana ndiye pekee aliyekuwa na filimbi. Alipuliza. Nilikuwa nimewageukia mabeki wangu nikiwaeleza jinsi safu ya ulinzi inavyosogea pamoja, niliposikia wavu wetu unatikisika na Mama Mkongo anasema kitu kwa Kifaransa ambacho hakikuwa sala.

Sitaeleza mabao yote. Yalikuja kama mabasi ya Jumatatu asubuhi, moja halijaondoka jingine limefika. Wasichana wale wanaobeba marobota ya jinzi begani kutwa walikuwa na miguu ya chuma. Nilijua kila kitu kuhusu jinsi vyama vidogo vinavyopangwa chungu cha chini kwenye droo na kukutana na wakubwa, nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya hilo, na sasa mkubwa alikuwa akinijia mbio na mpira, amevaa zambarau. Nilifunga macho. Mpira ulinigonga kichwani ukaingia golini kwetu. Waliofurahi ni watu wetu, waliodhani ndiyo mbinu.

Katikati ya uwanja, mama wa Kariakoo na laobanniang walikuwa wamekabana wao kwa wao, na wala hawakuhitaji sana mpira. Mmoja akienda kulia mwenzake anaenda kulia. Wakisukumana kidogo wanatazamana kwa jicho la "bei ya mwisho ni hiyo." Wakati fulani wote wawili walisimama wakipumua, mikono magotini, na mama akamwambia kwa Kiswahili, "Unazeeka, shoga," na mwenzake akamjibu kwa Kikantoni kitu ambacho kwa sauti yake kilikuwa kilekile.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea kwisha mmoja wa wasichana wetu wa udaktari alipopiga mpira juujuu kuelekea golini kwao, na laobanniang, akiwa ndani ya boksi, akaupangua kwa mkono. Sijui kwa nini. Nadhani ni mazoea ya kudaka marobota. Refa alipuliza filimbi akaonyesha penalti.

"Mei you!" akapiga kelele laobanniang, neno lilelile analolisema mteja akiulizia rangi iliyokwisha. Hakuna!

"Mei you nini?" mama akamjia juu. "Mkono huo hapo, au ni wa nani, wa jirani?"

"Mei you, mei you!"

Refa alisimama imara, na laobanniang akabadili mbinu. Aliokota mpira, akausogeza nyuma hatua mbili, akautuliza, akamwangalia mama. Mama aliuchukua akaurudisha mbele hatua moja. Laobanniang aliguna akausogeza nusu hatua. Nilikimbia kutoka nyuma nikitweta.

"Haiwezekani!" nikasema. "Sehemu ya penalti haijadiliwi! Sheria inasema..."

Walinigeukia wote wawili, wakaniambia ninyamaze, kila mmoja kwa lugha yake, kwa wakati mmoja. Kisha wakamalizana. Waliuacha mpira mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote, wakashikana mikono.

Mama alirudi nyuma. Alirudi sana, mpaka karibu na wavu wa upande wa pili, nikadhani anaondoka kama alivyofanya dukani. Kisha akaja mbio, mtandio umetuna hewa, akaupiga kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Golikipa wao aliruka kushoto kwa ustadi mkubwa. Mpira ulikwenda katikati, polepole, kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya wageni, ukavuka mstari.

Mama Mkongo alitoka golini kwake akavuka uwanja mzima, yeye aliyesema hawezi kukimbia. Vigelegele vilipigwa mpaka walinzi wa duka la fanicha wakapanda kuangalia. Wanaume kwenye mashine ya maji waliacha ubishi, wakauliza nini kimetokea, na mama, akiwa amebebwa na wauguzi wawili, akawajibu kwamba Bara imefunga. Nilijikuta nalia, na sikuwa na kifungu chochote cha kueleza kwa nini. Tulikuwa tumefungwa mabao ambayo hata refa alishaacha kuyahesabu. Zambarau nao walikuwa wakipiga makofi.

Mechi ilipoisha mvua ilianguka, si ya manyunyu, ile ya Juni inayomwagwa kwa ndoo. Wanaume walikuwa bado hawajaanza. Walikimbilia chini ya paa la ngazi wakaendelea kujadili kama mechi iliyoahirishwa kwa mvua inahesabika ya nyumbani au ya ugenini. Uwanja tulikuwa tumeukodi kwa mchana ule tu, na mwenye uwanja alikuja na mwavuli kutuambia muda umekwisha.

Kwa hiyo mechi moja tu ilikuwa imechezwa kwenye bonanza zima, na kikombe kilikuwepo, kimeshachongwa maneno, na kila mtu alikuwa akikitazama. Mwenyekiti aliniita pembeni, kanzu imemganda mwilini.

"Msomi, Ulaya wangefanyaje?"

Nikamwambia kweli tupu, kwamba Ulaya kombe anapewa aliyeshinda mechi ya mwisho, na mechi ya mwisho ndiyo ile.

Aliguna, akatazama kikombe, akatazama mvua. Kwa heshima yote, huyu mzee alikuwa muungwana. Alikwenda mwenyewe, akainama mbele ya laobanniang, akamkabidhi kwa mikono miwili kama wafanyavyo wenyeji. Mpaka leo ukienda Zhongda utakiona kwenye rafu baina ya marobota ya shifoni, kikombe chenye maandishi ya Kiswahili, Bingwa wa Afrika Mashariki. Wateja wakiuliza, laobanniang anaeleza kwa kirefu.

Bao halikumsaidia mama kibiashara. Safari iliyofuata alidhani atapunguziwa, laobanniang akampandishia. Lakini alimwandikia kwenye kikokotoo 4, akaonyesha nje kwa kidole, na nikatafsiri: Jumapili saa kumi, mazoezi, uwanja wa chini ya daraja, tuje wote.

Tukaenda. Tunakwenda bado. Profesa wangu aliniongezea muda wa kuwasilisha tasnifu baada ya kuona goti langu lililochubuka na kuamini, kimakosa, kwamba ni utafiti wa nyanjani. Laobanniang alininyang'anya ukapteni siku ya kwanza, akaniweka beki wa kushoto, akanipa agizo moja tu ambalo Kichina changu kilitosha kulielewa: usifikiri, kimbia. Nimejifunza kufungua macho mpira unapokuja. Sijui kama napenda mpira. Najua kwamba Jumamosi usiku naziandaa soksi.

Mwezi uliopita Mwenyekiti na Mkenya walipita pale chini ya daraja, wamevaa bukta, na nyuma yao kundi la wale vijana wenye mvi. Walisimama kando wakitutazama, wakakohoa, mpaka mama wa Kariakoo akausimamisha mpira kwa mguu. Sasa anausimamisha bila kuuangalia.

"Bi mkubwa," akasema Mwenyekiti kwa adabu, "tulikuwa tunaomba na sie tucheze kidogo."

Mama alimtazama kuanzia bukta mpaka kofia.

"Kafuzuni kwanza," akamwambia, akampigia pasi laobanniang.